Kukagua na kukalibreti geji ya mkazo wa mkanda wa taimingi kwa magari ya zamani

Mwaka juzi mzee mmoja aliniletea Porsche 944 ya 1985, gari analipenda kweli kweli, na akaja na geji ya kupimia mkazo wa mkanda wa taimingi (ule mkanda wa meno unaounganisha krenki na kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati), geji ile inayojulikana kwa namba 9201, aliinunua mtumba kutoka Ujerumani. Nikafunga mkanda mpya, nikakaza, geji ikasoma 4.0 kama kitabu cha ufundi cha gari kinavyotaka. Ila nilipoushika mkanda kwa vidole viwili pale kwenye upande wake mrefu nikaupinda, ukazunguka ukapita robo duara bila hata kutumia nguvu. Vidole vinasema umelegea, geji inasema upo sawa. Sikuliwasha gari. Nikaichukua geji nikaenda kuipima kwa mzigo, na kweli kijiti chake cha ndani kilikuwa kimegandiana na grisi ya zamani, mshale unakwama popote.

Toka siku hiyo hakuna geji inayogusa mkanda hapa gereji kwangu kabla sijaikagua na kuikalibreti, yaani kulinganisha namba zake na uzito ninaoujua. Usipokuwa na geji kabisa angalau unakuwa muangalifu, unasikiliza, unarudia, lakini ukishika geji mbovu unaiamini, unafunga kava, unampa mtu gari lake. Na 944 haikusamehi, mkanda ukiruka meno au ukikatika pistoni zinakutana na valvu, valvu zinapinda, hapo unafungua silinda hedi. Ukikaza kupita kiasi nako ni hasara, maana mkanda huohuo ndio unaozungusha wota pampu, beringi ya pampu inakufa mapema na unaanza kusikia mluzi injini ikizunguka.

Naongelea 944 kwa sababu ndio gari nililolishika sana kwenye kazi hii, zilitengenezwa 1982 mpaka 1991, na zile za kabla ya modeli ya 1987 hazina tenshena ya springi, yaani kikazio cha kuvuta mkanda chenyewe, mkazo wote unaweka wewe kwa kuzungusha rola. Ila njia ni ileile kwa gari lolote la zamani ambalo kitabu chake kinataka geji. Mafundi wa Lotus Esprit wanaijua Burroughs ya Kimarekani inayosoma kwa ratili, na wengine wanatumia ile ndogo ya plastiki ya Krikit ambayo unaibonyeza mpaka inalia "tki".

Geji inafanyaje kazi

Elewa hili kwanza, la sivyo utakuwa unazungusha skrubu tu. Karibu geji zote hizi zina sehemu tatu zinazogusa mkanda, mbili za pembeni upande mmoja, na moja ya katikati upande wa pili inayosukumwa na springi. Mkanda ukiwa umekaza unakataa kupinda, ukilegea unapinda zaidi, na mshale unakuonyesha umepinda kiasi gani. Basi. Kwa hiyo geji haipimi mkazo moja kwa moja, inapima mkanda umeibishia springi kiasi gani, na humo mna mambo matatu yanayoweza kuidanganya: springi iliyochoka, kijiti kinachokwama, na ugumu wa mkanda wenyewe. Hilo la tatu watu wengi wanalisahau. Mkanda mnene unakataa kupinda hata ukiwa umelegea, ndio maana ukikalibreti geji kwa kamba ya katani au mkanda wa pikipiki unapata majibu ambayo kwenye gari lako hayana maana yoyote. Tumia kipande cha mkanda wa aina ileile, upana uleule na meno yaleyale.

Vitu vya kuandaa

Mkanda wa zamani uliotoa kwenye gari unafaa kabisa, mradi hauna nyufa, haujalowa oili na meno yote yapo. Kata upate kipande cha kama mita moja. Halafu unahitaji vibanio viwili, na hapa usifanye haraka. Mimi nilichukua bapa za chuma nne za milimita 6, nikatoboa matundu manne kila moja, alafu katikati ya kila kibanio naweka ncha ya mkanda pamoja na kakipande kengine kafupi ka mkanda huohuo, meno yanaangaliana yanang'atana, ndio nafunga bolti. Ukibana mkanda kavu kavu kati ya bapa mbili utateleza ukifika kilo 30 hivi, na mzigo ukianguka hautauliza mguu ni wa nani.

Mzigo sasa. Unahitaji uzito unaoujua kwa uhakika, kilo 20, 30, 40 na 50. Mawe ya mizani yenye mhuri ni mazuri sana ila kupata ya kufika kilo 50 sio rahisi, kwa hiyo tumia chochote kizito, vyuma chakavu, dumu za maji, mifuko ya mchanga, kisha peleka kwa muuza nafaka mwenye mizani ya kidijitali iliyobandikwa stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, muombe upime, andika uzito kwa maka pen juu ya kila kimoja. Usikadirie. Dumu tunaloliita la lita 20 ukilijaza mpaka mdomoni linachukua zaidi ya lita 20, na dumu lenyewe lina uzito wake. Vyuma vya jimu navyo usiamini namba iliyoandikwa, pima. Na kibanio cha chini pamoja na ndoano na cheni, vyote vinahesabika kwenye mzigo, kwangu mimi vilikuwa karibu kilo mbili, sio kitu cha kupuuza.

Vingine vya kawaida tu: cheni bloku au boriti imara ya kutundikia, mswaki wa zamani, petroli kidogo au spiriti, mafuta ya cherehani, kitambaa kisichoacha nyuzi, daftari, na simu.

Hatua ya kwanza, geji yenyewe kabla ya mzigo

Ishike geji mkononi bila kuweka kwenye mkanda. Sukuma kile kijiti cha katikati taratibu kwa kidole gumba, kiachie taratibu. Kinatakiwa kiende na kurudi laini kama mlango uliotiwa mafuta, bila kukwaruza wala kusita. Angalia mshale, ukiachia unarudi palepale ulipoanzia? Rudia mara kumi. Ukirudi mara kwenye sifuri mara kwenye sifuri na nusu, hapo usiendelee na hatua nyingine, kwanza safisha.

Kusafisha: toa saa ya geji (lile duara lenye namba na mshale) kwenye fremu kama inatoka, piga mswaki wenye petroli kwenye kijiti na kwenye njia yake, futa, acha ikauke, tia tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, kisha futa tena mpaka uone kama hujatia kitu. Usitie grisi. Grisi ndio iliyoiua geji ya yule mzee, mtu fulani huko nyuma alidhani anaitunza. Na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, unyevu na chumvi vinaingia mle ndani hata geji ikiwa kwenye boksi lake, utakuta vidoa vya kutu kwenye kijiti, visugue kwa kitambaa chenye mafuta, usipige msasa hata ule mlaini kwa sababu kijiti kikipungua kitaanza kucheza.

Angalia pia vile vipini vya pembeni vinavyolalia mkanda. Vikiwa na mikwaruzo au vimelika upande mmoja, majibu yatategemea umeiweka geji vipi siku hiyo. Na kama geji yako ilikuja na kipande chake cha chuma cha kukagulia, kiweke, soma, linganisha na namba yake. Nyingi za mitumba hazinacho, ndio maana tunahangaika na mzigo.

Hatua ya pili, kutundika

Funga kibanio cha juu kwenye cheni bloku, cha chini kibebe mzigo. Anza na kilo 20. Mzigo uning'inie sentimita kumi tu kutoka chini, na chini yake weka tairi la zamani. Uwe huru kabisa, usiguse ukuta wala mguu wa meza, na usubiri uache kuzunguka na kubembea, upe dakika mbili tatu hapo. Mkanda mpya ukiutundika unajinyoosha kidogo mwanzoni, kwa hiyo mimi huwa naweka kilo 50 kwanza nauacha kama robo saa, nashusha, ndio naanza kupima kutoka 20 kwenda juu.

Wapo wasiotaka kukata mkanda, wanautundika mzima kama kitanzi, juu bomba lenye beringi na chini bomba lingine lenye mzigo. Inawezekana, ila hapo mzigo unagawanyika pande mbili, ukitundika kilo 60 kila upande una kilo 30 tu. Mara ya kwanza nilifanya hivo na sikugawanya, nikamaliza siku nzima nikiamini geji imekufa wakati ilikuwa nzima kabisa. Na lazima bomba la juu lizunguke vizuri kwenye beringi, likigoma pande mbili hazitakuwa sawa.

Hatua ya tatu, kusoma

Weka geji katikati ya urefu wa mkanda, mbali na vibanio, na iwe imenyooka, vipini vyote viwili vimelala kwenye mkanda. Kwa 9201 unavuta ile pini ya kufungia, unaisukuma geji kwenye mkanda polepole na kwa mwendo mmoja mpaka usikie pini inaingia, hapo unaacha mkono, hugusi tena, unasoma. Ukisukuma kwa pupa au ukirudi nyuma kidogo halafu ukasukuma tena, jibu litakuwa jingine. Kwa Krikit bonyeza mpaka ilie, ikilia tu acha, ukiendelea kubonyeza kale kamkono kanapanda zaidi ya ukweli.

Soma mara tano kwa kila uzito, kila mara toa geji yote uirudishe upya. Andika zote tano, usiandike ile unayoipenda. Kisha ongeza mzigo, 30, 40, 50, halafu shuka nao tena 40, 30, 20. Hii ya kushuka watu wanairuka na ndio inayosema mengi, maana geji inayokwama inasoma namba moja ukipanda na namba nyingine ukishuka kwenye uzito uleule.

Hatua ya nne, kuelewa namba

Kwa geji inayosoma ratili kazi ni rahisi, kilo moja ni ratili 2.2, kwa hiyo kilo 20, 30, 40 na 50 zinatakiwa zisome 44, 66, 88 na 110. Sasa tuseme umepata 49, 71, 93, 115. Kosa ni tano kila mahali, halikui wala halipungui. Huo ni mshale tu uliohama, au ni ugumu wa mkanda wako, zungusha uso wa saa kama unazunguka au uandike kwenye stika "toa 5" uibandike mgongoni mwa geji. Wengi wanaona stika ni ushamba, mimi naipenda, kwa sababu haisahauliki na haiharibu kitu.

Ukipata 44, 69, 94, 119 hiyo ni habari nyingine. Chini ipo sawa, juu inakimbia. Kosa linakua kila ukiongeza mzigo, na hapo ukizungusha uso wa saa utakuwa umerekebisha sehemu moja umeharibu zingine zote. Hiyo ni springi, au umbali wa vipini umebadilika kwa sababu fremu imepinda, geji iliangushwa. Angalia fremu kwa rula ya chuma, kama imenyooka badilisha springi. Usivute springi ya zamani kwa mikono ili "irudi", itarudi siku hiyo na wiki ijayo itakuwa kwingine.

Ukipata tano zinazotofautiana zenyewe kwa zenyewe kwenye uzito mmoja, kwa mfano 60, 68, 63, 70, 64, usitafute wastani. Kuna kitu kinacheza au kinakwama, rudi hatua ya kwanza.

Kwa 9201 namba zake sio kilo wala ratili, ni namba za saa yake tu, kwa hiyo mzigo peke yake hautakwambia 4.0 yako ni 4.0 ya kweli. Unachoweza kujua kwa mzigo ni kama inarudia jibu, kama inapanda na kushuka sawa, na kama imebadilika toka mara ya mwisho. Ili upate ukweli wenyewe tafuta geji nyingine ya aina hiyo ambayo inajulikana ni nzima, ya fundi mwenzako au ya mtu wa klabu, zipimeni zote mbili kwenye mkanda mmoja, mzigo mmoja, siku moja, andika jedwali. Mimi nilifanya hivyo na jedwali lile nimeliwekea karatasi ya plastiki, sasa hivi sihitaji tena kuazima, natundika kilo zilezile naangalia kama namba ni zilezile.

Simu kama shahidi wa pili

Huu ukaguzi hauna gharama. Mkanda ukiukaza unalia kama uzi wa gitaa, na sauti yake inategemea mkazo. Pakua programu yoyote ya kutyuni gitaa inayoonyesha hezi, tundika mzigo, bana mkanda sehemu mbili upate urefu huru unaoujua, ugonge kwa kidole karibu na maiki ya simu.

Hesabu ni hii: mkazo kwa nyutoni ni 4, mara uzito wa mkanda kwa mita, mara urefu huru mara urefu huru, mara hezi mara hezi. Uzito wa mkanda kwa mita unaupata kwa kuuweka ule wa mita moja kwenye mizani ya jikoni. Mfano tu wa hesabu: mkanda una gramu 150 kwa mita, yaani kilo 0.15, urefu huru mita 0.25, simu inasema hezi 88.4. Hiyo inatoa kama nyutoni 293. Gawanya kwa 9.78, ndio nguvu ya mvutano wa dunia huku kwetu karibu na ikweta, unapata kilo 30. Ulitundika 30, basi mambo safi. Ukikuta simu inasema kubwa kidogo usishtuke, mkanda ni mgumu na ukiwa mfupi ugumu unapandisha sauti, ndio maana nasema shahidi wa pili na sio hakimu. Ila ikikupa kilo 15 wakati ulitundika 30, rudi uangalie kama hukusahau kugawanya kitanzi, au kama kipande ulichopima kwenye mizani ni mita moja kweli.

Ukienda kwenye gari

Geji nzima kwenye mkanda uliopimwa vibaya bado ni kazi bure, kwa hiyo haya machache kwa 944 ya valvu 8. Injini iwe baridi kabisa, bloku yake ni ya alumini, ikipata moto inatanuka na mkanda unakaza wenyewe. Mimi nalaza gari usiku na napima alfajiri, saa saba mchana Dar hata gari lililolala ni la moto. Zungusha krenki kwa spana mwelekeo wake wa kawaida mizunguko miwili kamili mpaka alama zikutane, kisha rudisha nyuma digrii 10, kama jino moja na nusu kwenye puli ya kamshafti, ndio uweke geji. Mkanda mpya wa taimingi unatakiwa 4.0, unaruhusiwa kupanda au kushuka 0.3, mkanda wa balansi shafti (ule wa pili, unaozungusha shafti za kupunguza mtetemo wa injini) 2.7 kwa uvumilivu huohuo. Fungua kitabu cha modeli yako uhakikishe, usichukue namba za 944 ukapeleka kwenye gari lingine. Ukishakaza nati ya rola pima tena, maana kukaza nati kunasogeza rola, kila mara, na gari likishatembea kilomita kama 2,000 lirudi, mkanda mpya unakuwa umelegea kidogo.

Geji ikimaliza kazi ifute, iache springi ikiwa imelegea, usiifunge ikiwa imebanwa, iweke kwenye boksi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kwenye mfuniko wa boksi langu nimeandika tarehe, uzito niliotundika na namba nilizopata, na mstari ulio wazi chini yake kwa ajili ya Januari.